Tanga siku moja: Amboni, Galanos na Tongoni. Mzee mwenye goti bovu ataweza?

Mpwa_Mtiifu:
Wakuu salaam. Naomba wenyeji wa Tanga na waliowahi kutembea huko mnisaidie kabla sijatoa hela.

Nina mjomba wangu anakuja kutoka Muscat, ana miaka 66. Alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa mtoto wa miaka tisa, hajarudi tangu hapo. Anataka aone mji wao, na kila akipiga simu anataja mapango ya Amboni kwa sababu babu yangu aliwahi kuwapeleka. Tutatoka Dar Ijumaa na kulala Tanga. Jumamosi yote ni ya matembezi, Jumapili mchana tunageuza. Tupo wanne: mjomba, mimi na wanangu wawili wa sekondari.

Kuna kijana anayetembeza wageni kanipa ratiba ya siku moja: Amboni, maji ya moto ya Galanos, kisiwa cha Toten kwa boti, chakula, magofu ya Tongoni, halafu Pangani kuangalia jua likizama. Anataka dola 120 kwa kichwa. Nimemuuliza mbona dola wakati safari ni ya hapahapa Tanga, kasema ndiyo bei ya "full package".

Maswali yangu:
Hiyo ratiba inawezekana kweli kwa siku moja?
Mjomba ana goti, anatembea vizuri ila kuinama ni shida. Mapangoni atapita?
Na hili la mizimu likoje? Mama kanikataza nisiwapeleke watoto.

---

BintiChumbageni:
Karibuni Tanga, waja leo waondoka leo 😄 Dola 120 mara nne? Huyo anakuuzia na bandari. Subiri wenzangu waje.

---

Bajaji_ya_Ngamiani:
Mkuu, chukua ramani utazame. Amboni ipo kaskazini, kama kilomita 8 kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro. Tongoni ipo kusini, barabara ya Pangani, karibu kilomita 17 hadi 20. Mji upo katikati. Pangani yenyewe ni kama kilomita 50 kutoka Tanga mjini. Aliyekupangia hiyo ratiba anataka mshinde ndani ya gari mkipiga picha dirishani. Toa Pangani. Toa Toten. Hapo mtakuwa na siku ya watu.

Mkikodi Noah au bajaji mbili kutwa nzima, mnapatana kwa shilingi. Viingilio mnalipa wenyewe getini: mnapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, mnalipa kwa simu, risiti inatoka. Mjomba kama ana pasipoti ya Oman atalipa kiwango cha mgeni, hilo lisiwashtue. Ninyi mnakwenda na vitambulisho vya taifa, na watoto na vya shule.

---

Mwalimu_Mstaafu:
Mpwa, nimewapeleka wanafunzi Amboni miaka mingi kuliko ninavyotaka kuhesabu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Kwanza goti. Mlango wa pango ni mpana na ukumbi wa mwanzo una dari ya juu sana, mzee ataingia bila taabu. Shida inaanza mbele. Zipo njia nyembamba ambapo mtu mzima anainama, na pengine anatambaa, na sakafu inateleza kwa unyevu. Mwambieni muongozaji mapema, pale getini: "Tuna mzee wa goti, tupe njia fupi." Wanayo. Watoto wataendelea na mzunguko mrefu, mjomba atabaki ukumbini na mmoja wenu. Msimwache peke yake, giza la mle si la mchezo. Ukizima tochi huoni hata kiganja chako.

Tochi kila mtu na yake. Tochi ya simu inakula chaji na mkono mmoja unakuwa umeshughulika, wakati unahitaji yote miwili. Viatu vya soli ya mpira inayoshika, kandambili hapana. Na nguo msiyoionea huruma, maana popo wapo wengi na kinyesi chao kipo kila mahali. Mkitoka mnawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Watoto waambie hivi: mwamba ule ni chokaa, ulianza kujengeka chini ya bahari takribani miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo yanabeba asidi dhaifu, ile asidi inakula chokaa taratibu, ufa unakuwa shimo, shimo linakuwa ukumbi. Kisha tone linaloning'inia darini linaacha punje ndogo ya chokaa, na jingine, na jingine, mpaka mnaona mawe yamening'inia kama viwele vya ng'ombe. Waongozaji watawaonyesha mamba, tembo, meli, hata sanamu ya uhuru ya Marekani. Mengine yanafanana kweli, mengine yanahitaji imani.

---

MgosiMpole:
Mwalimu umesahau kusema pango linatokea Mombasa. Sisi tuliambiwa Wazungu wawili waliingia na mbwa, wao wakapotea, mbwa akaonekana Kilimanjaro.

---

Mwalimu_Mstaafu:
Mbwa huyo namjua, kila mwaka alikuwa anatokea mlima tofauti. Mwaka 1994 wataalamu waliyapima yale mapango, wakakuta ni mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote ni mita 900 tu. Mombasa ni zaidi ya kilomita mia. Lakini mpwa, muongozaji akiisimulia muache aisimulie, usimkatishe. Hadithi nayo ni sehemu ya kiingilio.

---

Mpwa_Mtiifu:
Asante sana mwalimu, shikamoo. Na la mizimu?

---

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba. Kuna sehemu ya pango watu wanakwenda kuomba, hasa wanaotafuta uzazi. Mtakuta vitambaa, chupa za marashi, sarafu, vyakula. Msiguse, msicheke, piteni. Mama yako anaogopa kwa sababu ya heshima, na heshima hiyo inawezekana kuitunza bila kuwanyima watoto safari.

---

Ustadh_wa_Mkwakwani:
Mimi naongezea Tongoni maana naona wote mmekimbilia mapango. Kwa mtu aliyetoka Muscat, Tongoni ndiyo itakayomgusa.

Neno lenyewe ni Kiswahili kizuri: tongo ni mahali palipokuwa na mji pakahamwa. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe uliobomoka na makaburi kama arobaini, mengi ni ya karne ya 14 na 15. Baadhi yake yalijengewa minara. Minara mingi imeshaanguka, imelala chini vipandevipande. Mtazame vizuri kwenye kuta za makaburi, mtaona mashimo ya duara kama sahani. Ndiyo, palipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Vyombo vyenyewe havipo tena, lakini umbo lake limebaki kwenye chokaa. Mimi hapo ndipo husimama muda mrefu kuliko hata kwenye mihrabu.

Vasco da Gama alipita maji haya 1498, na alipokuwa anarudi 1499 mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye mpaka hawakutosha kuendesha vyombo vyote, akaichoma moto merikebu moja, São Rafael, kwenye mafungu ya upande huu. Waulize wanao watafakari: mji huu ulikuwa na sahani za China ukutani kabla Mreno hajajua njia.

Adabu: ni makaburi. Watoto wasipande kuta kwa ajili ya picha. Bado wapo wanaokuja kuzuru.

---

Bajaji_ya_Ngamiani:
Ustadh kasema kweli, ila kivuli hakuna cha maana pale. Msiende saa saba mchana na mzee. Kwa hiyo mpangilio wangu: saa moja na nusu asubuhi muwe mmeshafika Tongoni jua likiwa changa. Saa nne mrudi mjini, mnywe maziwa ya Tanga, mle mapema. Saa sita muingie Amboni, kule ndani ni baridi hata nje kukiwaka. Mkitoka ndiyo Galanos, ipo upande huohuo wa Amboni.

---

BintiChumbageni:
Mimi napinga. Amboni asubuhi, Tongoni saa kumi jioni. Upepo wa bahari, mikoko, mwanga mzuri wa picha. Mzee akishachoka mapangoni anakwenda kukaa kwenye upepo.

---

Bajaji_ya_Ngamiani:
Na mlinzi akishafunga? Picha utapiga za geti.

---

BintiChumbageni:
Haya, umeshinda wewe na geti lako.

---

Nesi_Mstaarabu:
Galanos muwe waangalifu. Maji ni ya moto na yana salfa, harufu ni ya yai viza, watoto wataziba pua. Watu wanaoga wakiamini yanatibu ngozi. Mjaribu kwanza kwa ncha ya kidole, si kutumbukiza mguu mzima. Mjomba kama ana sukari, miguu yake inaweza isihisi moto vizuri, basi aangalie tu. Jina ni la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge huku, si jina la dawa kama wengi wanavyodhani.

---

Mpwa_Mtiifu:
Kumbe! Sukari anayo. Asante sana dada.

Yule kijana nimemwambia nataka Tongoni, Amboni na Galanos tu, kwa shilingi. Ameshuka mpaka chini ya nusu bila hata mimi kubishana, nikaona hapana. Bajaji ya Ngamiani nimekutumia ujumbe.

---

MgosiMpole:
Akishuka haraka hivyo jua bei ya kweli bado ipo chini 😂

---

Mpwa_Mtiifu:
MREJESHO, nipo hotelini Tanga, Jumamosi usiku.

Tulianza Tongoni kama nilivyoshauriwa. Mjomba aliposikia jina akacheka, akasema bibi yake alikuwa akiwafokea: "Msicheze matongoni magharibi imeingia!" Kumbe siku zote alidhani ni neno la kutishia watoto. Alipitisha kidole kwenye lile duara la sahani, akaniuliza sahani ilikuwa ya rangi gani. Ustadh, unajibu nini hapo?

Amboni aliingia mpaka ule ukumbi mkubwa, akakaa juu ya jiwe akisema limekuwa dogo. Nikamwambia jiwe ni lilelile. Wanangu walizunguka na muongozaji karibu saa nzima, wametoka na matope mpaka masikioni. Mbwa tumesimuliwa. Safari hii alitokea Mombasa.

Kosa langu ni moja: nilibeba tochi tatu kwa watu wanne, na moja ilizimika ndani. Mwalimu asinifokee.

Galanos tulikaa dakika kumi, harufu ilitushinda.

Sasa tatizo jipya. Mjomba ameiona Toten kutoka ufukweni jioni hii, akauliza ni kisiwa gani, nikamwambia jina ni la Kijerumani, maana yake kisiwa cha wafu, na kuna magofu ya msikiti. Anataka kwenda kesho asubuhi. Basi letu ni saa nane mchana. Nani ana mtu wa boti anayeaminika, mwenye makoti ya kuokolea? Nitumieni faragha tafadhali, hata usiku huu.