Mjadala: Klasi mama imeweka public, klasi mtoto iweke private?

Mleta mada:
Wakuu, tuko kwenye C++. Klasi mama Umbo ina virtual void chora() (virtual, yaani mtoto anaweza kuiandika upya na ya kwake ndiyo itaitwa), nayo ni public, yeyote anaweza kuiita. Klasi mtoto Duara inaiandika upya, ila inaiweka private, ya kuitwa ndani ya klasi hiyo tu. Kompaila kimya! Mwenzangu kazini kajaza laibrari nzima mtindo huo, eti mtumiaji apitie Umbo tu. Mimi sioni kilichofichwa. Andika Duara d, d.chora(), inagoma. Andika Umbo& u = d; u.chora(), yaani duara lile lile kupitia jina la aina ya mama, inapita, na linalochorwa ni duara lile lile. Java ingekataa mapema: mtoto haruhusiwi kubana kuliko mama. C# nayo inataka kiwango kisibadilike.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, ruhusa inakaguliwa wakati wa kukompaili, kwa aina iliyotangazwa. Fanksheni ipi iitwe, hilo linaamuliwa programu ikishaanza kukimbia. Mwenzako yuko sahihi, Duara ni ya kuundwa tu. Mbona Qt, laibrari ya C++ ya kutengeneza madirisha na vitufe, wana event() ambayo ni public kwenye klasi mama QObject na protected (klasi yenyewe na watoto wake tu) kwenye mtoto wake QWidget?

Mleta mada:
Qt kufanya si hoja. Chukua templeti, yaani msimbo mmoja wa aina nyingi, inayopokea T yoyote na kuita t.chora(). Ipe Duara, haikompaili. Halafu mjukuu anayerithi Duara anaweza kuirudisha public, hakuna wa kumzuia. Ulinzi gani huo?

Mchangiaji wa tatu:
Mnagombania mlango ambao si wenyewe. Private iwekwe kwa mama! chora() iwe public bila virtual, ndani yake iite chora_ndani() ambayo ni virtual na private. Mtoto ataiandika upya vizuri tu. C++ inaruhusu hata kama hawezi kuiita. Ukaguzi wa vigezo unakaa sehemu moja. Herb Sutter, mtaalamu wa C++, alilishauri hili tangu 2001, na streambuf, klasi ya laibrari sanifu ya C++ ya kusoma na kuandika data, iko karibu na hapo: pubsync() ni public, inaita sync() iliyo protected. Protected itumike mtoto anapohitaji kuita ya mama, basi.

Mleta mada:
Kwa laibrari mpya nakubali. Yetu ina wateja tayari. Nikiondoa virtual kwenye chora(), walioandika override (neno la kuiambia kompaila kwamba unaandika upya virtual ya mama) msimbo wao utagoma. Ambao hawakuandika ndio balaa, utakompaili vizuri na umbo lao halitaitwa tena kupitia Umbo. Mnaotunza laibrari za zamani, mlihamaje?