Mjadala: Mbegu ya mwani iletwe tena kutoka Asia?

Njiro: Wadau, cottonii, mwani wa kulimwa, inakufa Unguja, na wapo wanaotaka iletwe mbegu mpya kutoka Ufilipino. Napinga. Mwani huu unaenea kwa kukatika: kipande cha ukubwa wa kidole kikinasa kwenye tumbawe, kinamea. Hawaii waliupanda ghuba ya Kāneʻohe mwaka 1974. Miongo kadhaa baadaye wazamiaji walikuwa wakiunyonya kwa pampu ili matumbawe yasife.

Soweto Moshi: Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, wanalima mbegu ya Ufilipino tangu 1989. Spinosum, mwani mwingine wa kulimwa, iliyotoroka shambani ipo, sawa. Cottonii je? Maji yakitoka kwenye bamvua (kupwa na kujaa kukubwa) la kaskazi, msimu wa joto, yanayobaki yanachemka. Inapauka, inalainika, inachomoka kwenye taitai, vile vikamba vya kufungia. Isiyojiweza shambani itavamia nini? Watu wa mlimani msiwatishe wanaoishi na bahari.

Mama Sakina: Hilo la mlimani si la kiungwana. Profesa Keto Mshigeni, aliyeutafiti mwani mpaka ukawa kilimo nchini, ni Mpare, mtu wa milimani. Naye hajui bahari?

Soweto Moshi: Mama, Mshigeni namheshimu sana. Nimemjibu Njiro.

Kibosho: Turudi kwenye mbegu. Tatizo ni lile la mgomba: kila mche ni chipukizi la mama yuleyule. Mnyauko wa Panama, ule wa fangasi, ukiingia, kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kizima kinakwisha. Mkulima wa mwani naye hukata vipande vya gramu mia hivi, anavifunga kwenye kamba, baada ya wiki sita anavuna na kukata tena. Zao zima linaugua kwa pamoja.

Mangi: Kihamba kizima? Mnyauko huo unaua mgomba wa kisukari; kimalindi kilicho pembeni kinabaki. Usiandike hivyo.

Kibosho: Basi umenisaidia: tuchanganye aina. Spinosum ya asili ya kwetu bado ipo mwambani, yenye vinasaba visivyo vya Asia. Tuanzie hapo.

Njiro: Na ilindwe. Spora za mwani mwekundu hazina mkia wa kuogelea, nyingi hutua karibu na mama. Fungu la mwani likikwanguliwa lote, usitegemee lirudi upesi.

Soweto Moshi: Mgomba wenyewe ulitoka Asia. Mbona hamuung'oi?

Njiro: Mgomba hauangushi kipande mfereji ukakipeleka kuota kwa jirani!

Mangi: Kibosho, bado hujarekebisha. Watu wanang'oa migomba mizima kwa kuogopa maneno kama hayo. Ukiona kisukari kimenyauka, chimba shina hilo, udongo wake usiupeleke kwingine, jembe lioshwe kabla ya kugusa shina jingine. Kimalindi kiacheni.