Naombeni ushauri: kila mtu kajibu "nahitaji sana", mada tano nitazipataje?

Mgeni_wa_Kilwa
Wakuu, habari za jioni. Niko Kilwa kwenye mradi mdogo wa mikoko na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, vijiji sita. Nimepewa kazi ya kubaini mahitaji ya mafunzo ya kamati za maliasili na BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni) kabla bajeti haijafungwa. Nikatunga dodoso lenye mada 22, mtu anachagua "nahitaji sana", "nahitaji" au "sihitaji". Yamerudi madodoso 94, na karibu yote yana tiki kwenye "nahitaji sana" kuanzia juu mpaka chini. Bosi anataka mada tano. Nipige kura? Nimebakiza wiki mbili.

Kijiti
Ungeongeza ya 23, kurusha roketi, nayo ingepata tiki 😂 Semina ina posho, nauli na chai. Umewauliza watu kama wanapenda pilau.

Mstaafu_Misitu
Kijana, weka dodoso pembeni. Usiwaulize wanataka kufundishwa nini, waombe wakuonyeshe kazi. Wakupeleke walikopanda mikoko mwaka jana. Ukikuta miche imekufa, uliza ni mti gani na nani alichagua pale. Mimi nimekuta mara nyingi ule mkoko wa mizizi ya matao umechomekwa mbele kabisa, kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, mahali ambapo mlilana, aina nyingine ya mikoko, ndio huota wenyewe. Kisa, mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Kama hawakujua, hilo ni pengo la ujuzi, tena linazibwa kwa asubuhi moja matopeni, si kwa siku tano hotelini. Ila utakuta pia mzee anayejua vizuri kabisa, lakini mradi uliopita ulilipa kwa idadi ya miche. Huyo utamfundisha nini?

Doria ni vivyo hivyo. Uliza ya mwisho ilikuwa lini na kwa nini hakuna nyingine. Kama boti haina mafuta, andika mafuta. Kama mkataji alikamatwa akaachiwa kwa kuwa sheria ndogo za kijiji hazijaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kazi yako iko kwa mwanasheria wa halmashauri.

Bi_Mwani
Hayo madodoso 94, wanawake wangapi?

Mgeni_wa_Kilwa
Shikamoo mzee, nimekupata. Dada, wanawake ni 17. Mikutano tuliitisha, hawakuja.

Bi_Mwani
Mliitisha mwezi ngapi? Nauliza mwezi wa angani.

Mgeni_wa_Kilwa
Nimeangalia kalenda. Siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi.

Bi_Mwani
Basi bamvua hiyo, maji yanapokupwa mbali, na saa nne yashatoka. Wenzio wako mwambani wanatafuta pweza, wewe unawangoja chini ya mwembe na karatasi! Rudi siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, wawekee kikao chao peke yao.

Na mada zako zisitoke ofisini. Sisi huku Unguja joto la maji limezidi, kotonii, ile mwani yenye bei nzuri, inaoza kwenye maji madogo. Tukaletewa mafunzo ya kufunga mwani kwenye kamba. Kufunga! Kazi tuliyoikuta kwa mama zetu. Tulichokuwa hatuna ni kuogelea na kuendesha chombo, maana mwani ilibidi uhamie maji ya kina. Hakuna aliyetuuliza tunaogopa nini.

Mkwale
Ukiweza, wapeleke wachache waje Gazi huku kwetu Kwale, Kenya. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko; msitu wenyewe ni hekta 117 tu, na pesa imeingia kwa maji na shule. Kuona hesabu zikisomwa mbele ya kijiji kunafunza kuliko projekta.

Mgeni_wa_Kilwa
Asanteni sana. Jumatatu mwenyekiti ananipeleka kwenye miche, na akina mama nimewapangia wiki ya maji mafu. Bosi nimemwambia mada tano zitachelewa, kasema niandike barua ya kujieleza.

Mstaafu_Misitu
Iandike ukirudi, ukiwa na picha za miche. Na uvae raba kuukuu, yale matope hayarudishi kiatu.