Samaki wadogo wanaonata kwenye mawe ya kijito: mbona wanakufa ndooni?

mwalimu_bio: Wadau, kwenye kijito cha bonde la Pangani, pale maji yanapokimbia juu ya mawe, kuna samaki wa kahawia wasiozidi urefu wa kidole, wamegandia mawe. Ndooni wanahema haraka, baada ya muda mfupi wanageuka tumbo juu. Ni nani hao, na wanafunzi watawaonaje wakiwa hai?

mtaa_wa_maji: Hao ni Chiloglanis, ukoo mmoja na ngogo. Anayejulikana bonde hilo ni Chiloglanis deckenii, aliyepewa jina la kisayansi na mtaalamu wa wanyama Peters mwaka 1868. Mgeuze uone: midomo imepanuka ikawa duara la kunatia, na sharubu za chini zimeungana na ukingo wake. Hukwangua utando wa mwani na kula lava wa wadudu.

Kinachowaua ni oksijeni. Kambare hukaa ndooni kwa sababu ana kiungo cha kuvuta hewa; huyu hana. Isitoshe, maji ya nyuzi 20 hubeba hadi miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Ndoo ya juani ni hukumu.

wavu_mdogo: Shika wavu wa matundu ya milimita 3 hadi 5, upande maji yanakoelekea, mwenzako achokonoe mawe mita moja mbele yako, upande maji yanakotoka. Chandarua chenye dawa marufuku, dawa yake ni sumu kali kwa samaki. Miiba ya mgongoni na ya mapezi ya kifuani hujifunga na kunasa wavuni: kata uzi, usivute. Lowesha mikono kwanza, hana magamba. Beseni jeupe, lita 10 za maji ya hapohapo, samaki wawili au watatu, pampu ya hewa ya betri, kivulini. Dakika 10 zinatosha, warudishe palepale. Kila jiwe lilale ulivyolikuta. Upande wa chini ndiko wadudu waliko.

mwalimu_bio: Asanteni. Mwisho wa kiangazi je, yakibaki madimbwi?

mtaa_wa_maji: Dimbwini utapata zaidi Enteromius, wale wembamba wa magamba. Chiloglanis tafuta palipobaki mkondo, hata mwembamba. Ila kama tope limeziba nafasi kati ya mawe, usijisumbue, hana pa kujificha wala pa kula. Angalia kama kuna wanaolima hadi ukingoni. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila kulimwa.