Mjadala: Mtoto anayesoma shule ya Kiingereza, tumpe tarjama ipi ya Qur'ani?

Mzazi wa Majengo, Moshi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Na msio Waislamu karibuni pia, maana jambo hili linaingia hadi kwenye nyumba zenu.

Binti yangu yuko darasa la saba, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi. Msahafu anausoma vizuri, juzuu amma, ile sehemu ya mwisho yenye sura fupi, yote anayo kifuani. Maana ndiyo anaitafuta kwa Kiingereza, kwa sababu sayansi, hesabu, historia, kila kitu anakisoma kwa lugha hiyo. Ramadhani iliyopita tulipanda Machame kumsalimia bibi yake mzaa mama. Bibi ni Mlutheri, mwanakwaya tangu usichana, na Biblia yake ya Kiswahili imelegea jalada kwa kusomwa. Akamwambia mjukuu: "Nisomee ile sura fupi unayoisoma kila siku, halafu uniambie inasemaje."

Mtoto akasoma Ikhlas kwa Kiarabu. Bibi akafumba macho akisikiliza. Kisha mtoto akafungua tarjama ya Pickthall, akasoma aya ya pili: "Allah, the eternally Besought of all!" Bibi akauliza, "Ndiyo kusema nini?" Mtoto akanyamaza. Akasema, "Bibi, sijui. Ni Kiingereza cha zamani."

Jibu lile limenikaa moyoni. Simlaumu Pickthall. Alikuwa mwandishi wa riwaya, Mwingereza aliyesilimu, na kazi yake iliyotoka mwaka 1930 aliiandika kwa Kiingereza ambacho watu wa kwao walikizoea kwenye Biblia yao. Neno alilokuwa akihangaika nalo ni Samad, na kwa kweli alilipata: Yule ambaye wote humwendea kwa haja zao. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani kwa Kiswahili ameandika "Mkusudiwa". Bibi angesomewa hilo asingeuliza mara mbili. Lakini mtoto wa miaka 13 akikutana na "Besought" anagonga mwamba, na aya inaishia hapo.

Kwa hiyo naleta kipimo changu mkijadili. Tarjama inayosomeka ni ile ambayo mtoto akishaisoma anaweza kumweleza bibi yake kwa Kiswahili. Akishindwa, kitabu hicho bado si chake, hata kama kinasifiwa vipi. Kwa kipimo hicho mimi nampendekeza Profesa Abdel Haleem, Mmisri aliyehifadhi Qur'ani tangu utotoni na kufundisha London, ambaye tarjama yake ilitolewa na chapa ya Oxford mwaka 2004. Sentensi zake ni za leo, na amezipanga kwa aya ndefu kama kitabu cha kawaida, hivyo mtoto anaona hoja inaanzia wapi na inaishia wapi. Semeni.

Ustadhi, Ngarenaro, Arusha

Wa alaykum salaam mzazi mwenzangu. Nimekusoma kwa makini, na nakupinga tangu swali lenyewe. Kwa nini Kiingereza?

Kumbuka tulikotoka. Tarjama kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ni ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akakaa chini akafanya kazi ya miaka, hadi mwaka 1969 Waislamu wa pwani na bara wakapata Qurani Takatifu yenye maelezo kwa lugha wanayoiota usiku. Leo mtoto wa Majengo anaiacha rafuni na kumwendea Mwingereza wa 1930, halafu tunashangaa ameshindwa kumwambia bibi yake neno moja?

Ugonjwa haumo ndani ya Pickthall. Mtoto amefundishwa kwamba lugha ya nyumbani haibebi mambo mazito. Ukimpa Kiingereza chepesi zaidi umemwongezea ugonjwa.

Na tarjama si Qur'ani. Hata wafasiri wenyewe wanasema wameandika maana tu, tena kwa uwezo wao. Mtoto mwenye juzuu amma kifuani umfundishe sarfu na nahau, yaani maumbo ya maneno na sentensi za Kiarabu, baada ya miaka mitatu hatamhitaji yeyote kati ya hao.

Mwongoza watalii, Sakina, Arusha

Ustadhi, kwa heshima zote, miaka mitatu ya nahau wangapi wanaimaliza? Madrasa niliyosoma tulianza wengi, tukafika kwenye nahau wanne.

Mimi kazi yangu ni kukaa na wageni ndani ya gari kutwa, Tarangire, Manyara, Ngorongoro. Mgeni akiniona nimetandika mswala pembeni ya gari, jioni kwenye moto atauliza. Sasa nimjibu kwa Farsy? Namjibu kwa Yusuf Ali, ambaye nimemsoma tangu kidato cha pili. Kazi yake ilianza kutoka Lahore mwaka 1934, na chini ya kurasa ana tanbihi zaidi ya 6,000. Kiingereza cha kujenga hoja nimekipata kwenye tanbihi zile. Darasani nilijifunza cha mtihani tu.

Tena nawapinga wote mnaokimbilia "Kiingereza cha leo". Maneno ya Mwenyezi Mungu yasisikike kama tangazo la redio. Yusuf Ali ana uzito. Na zile "thou" na "ye" za zamani ambazo watu huzicheka zina kazi. "Thou" ni mtu mmoja, "ye" ni wengi. Kiarabu kinatofautisha, Kiswahili kinatofautisha, Kiingereza cha leo kimepoteza. Ukisoma "you" hujui kama anaambiwa Mtume peke yake au watu wote.

Mzazi wa Majengo, Moshi

Kaka wa Sakina, hapo umenishika pabaya, na nakiri. Nimekwenda kujaribu. Sura ya 94, "kifua chako", ni Mtume anayefarijiwa, mmoja. Sura ya 102, al-Barwani anaanza na "Kumekushughulisheni", wengi, sisi sote tunaokimbizana na mali. Kwa Kiswahili herufi mbili za mwisho zinakuambia nani anasemeshwa. Kwa Kiingereza cha leo zote mbili ni "you" ileile. Abdel Haleem analijua tatizo hilo, mahali pengi anaweka kwenye mabano kwamba anayesemeshwa ni Mtume. Lakini ni kweli, ni kiraka.

Ustadhi, sijamwacha Farsy. Nataka vitabu viwili vikae mezani pamoja. Mtoto asome Kiingereza anachokielewa, kisha aangalie Kiswahili kinasemaje, na palipo na tofauti aniulize, au akuulize wewe. Kumnyang'anya Kiingereza siwezi. Atakapofika kidato cha kwanza hata wenzake wa shule za serikali watafundishwa kwa lugha hiyo. Maswali yake ya dini yatamjia kwa lugha hiyo pia, na majibu ya ovyo atayakuta kwenye simu kwa lugha hiyohiyo.

Mwalimu wa sekondari, Pasua, Moshi

Shikamooni wakubwa. Mimi nataka tuongelee mabano, kwa sababu ndiyo yanayonikosesha usingizi kuliko "thou".

Chukueni Fatiha, sura ya kwanza, aya ya mwisho. Kiarabu kinasema njia ya wale Uliowaneemesha, siyo ya waliokasirikiwa wala ya waliopotea. Basi. Kwenye tarjama ya Hilali na Khan, ambayo imesambazwa sana kutoka Madina, ndani ya mabano kumeongezwa kwamba waliokasirikiwa ni kama Mayahudi, na waliopotea ni kama Wakristo. Mtu mzima mwenye elimu anajua mabano ni maelezo ya mfasiri. Mtoto wa darasa la saba hajui. Anasoma mfululizo. Kwake yeye hayo ndiyo maneno ya Fatiha, anayoyarudia mara 17 kwa siku katika swala za faradhi.

Sasa mfikirieni huyu binti sebuleni Machame, mbele ya bibi yake mwanakwaya, bibi amwambie "nisomee ile unayoanzia swala". Mkoa wetu huu ukoo mmoja una shehe, una mchungaji, una katekista wa Kibosho, na msibani wanakaa turubai moja. Abdel Haleem hapo ametafsiri kilichoandikwa, hakuongeza makundi. Hata "hasira" hakumnasibishia Mwenyezi Mungu, kwa sababu Kiarabu chenyewe hakikumtaja mwenye kukasirika. Huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa mtoto.

Ustadhi, Ngarenaro, Arusha

Mwalimu, marahaba. Lakini usiwafanye watu wadhani mabano yale yametungwa. Iko hadithi, yaani habari iliyopokewa kutoka kwa Mtume, ya Adiy bin Hatim katika kitabu cha Tirmidhi, inayosema hivyo, na wafasiri wakubwa wa zamani wameitaja hapo. Mimi mwenyewe naifundisha.

Mwalimu wa sekondari, Pasua, Moshi

Sikuikana hadithi, ustadhi. Nasema mahali pake ni chini ya ukurasa, ikiwa na jina la aliyeipokea, ili mtoto ajue hii ni aya na hii ni hadithi inayoieleza. Wewe ukifundisha darasani unatenganisha. Unasema "Mwenyezi Mungu amesema", unanyamaza, kisha unasema "na imepokewa kwamba". Kitabu nacho kinyamaze hivyohivyo.

Ustadhi, Ngarenaro, Arusha

Tanbihi nakubali. Kufuta sikubali.

Mwanafunzi wa chuo, Njiro, Arusha

Mbona hamjamtaja Saheeh International? Ni kazi ya wanawake watatu Wamarekani waliosilimu, ilitoka Jeddah mwaka 1997. Ndiyo niliyoisoma mimi baada ya kushindwa na Yusuf Ali mara mbili. Kiingereza chake si kitamu sana, ila kinafuata Kiarabu karibu neno kwa neno, kwa hiyo ukiweka msahafu pembeni unaona neno hili limekuwa lile. Kwa aliyeanza nahau kidogo inasaidia. Samad wameandika "Eternal Refuge", kimbilio la milele. Bibi wa Machame angeelewa, naamini.

Nina shaka moja na Abdel Haleem. Anaandika "God", haandiki "Allah". Hilo hamlioni?

Mzazi wa Majengo, Moshi

Tunaliona dada. Lakini fungua Farsy, fungua al-Barwani. Wote wawili wameandika "Mwenyezi Mungu". Hatujawahi kusema Farsy ametupunguzia dini. Bibi yake binti yangu akisikia "Mwenyezi Mungu" anaitikia kwa kichwa, na hiyo ndiyo lugha tuliyokuta wazee wetu wakiongea pande zote mbili. Tukiikubali kwa Kiswahili hatuna sababu ya kuigombea kwa Kiingereza. Na "kimbilio la milele", umenishawishi. Nitamwonyesha.

Mkinunua Yusuf Ali, jambo dogo: angalieni ukurasa wa mbele. Zipo chapa zilizohaririwa na wengine baada yake, maneno na tanbihi zimebadilishwa, na jina lake bado liko juu. Mnaweza kubishana wawili mkidhani mnasoma kitabu kimoja.

Mzazi wa Majengo, Moshi

Nimerudi baada ya wiki. Nimeshajaribu kipimo changu na matokeo nayaleta yalivyo, ingawa hayakwenda nilivyotabiri.

Jumapili tulimpigia bibi simu alipotoka kanisani. Binti akachagua sura ya Maun. Nilimwekea Abdel Haleem na Yusuf Ali, na Farsy pembeni. Aya ya mwisho ndiyo ilikuwa kazi, wanaonyima "maun". Kwa Abdel Haleem akapata wema wa kawaida. Akamweleza bibi, bibi akasema "haya", lakini nilisikia haijamgusa. Ndipo binti akaangalia Yusuf Ali, "neighbourly needs", akasema: "Bibi, ni watu wanaoswali halafu wanamnyima jirani kitu anachohitaji." Bibi akacheka kwa sauti. "Kama yule wa hapa juu anayeficha ndoo akikuona unakuja kuazima!" Wakaongea robo saa nzima juu ya ndoo, na swala, na kwaya, na watu wanaoimba Jumapili huku geti limefungwa.

Kwa hiyo kaka wa Sakina, aya hiyo ni ya Yusuf Ali. Nilikuwa nimeegemea mno upya wa lugha. Kipimo cha bibi nabaki nacho. Abdel Haleem naye anabaki kuwa kitabu cha kila siku cha binti, kwa sababu kurasa nyingi anazimaliza bila kuniita. Yusuf Ali nimemsogeza karibu, Farsy haondoki mezani.

Mwongoza watalii, Sakina, Arusha

Nakubali na mimi, mtoto asianze na Yusuf Ali peke yake. Mimi mwenyewe kurasa nyingi za mwanzo nilikuwa napita tu.

Ustadhi, Ngarenaro, Arusha

Mzazi, unajua bibi amesema nini? Ibn Masud, sahaba wa Mtume, alipoeleza neno hilo maun alitaja vitu ambavyo watu huazimana: shoka, chungu na ndoo. Mwambie binti amfikishie bibi yake salamu zangu na habari hiyo.

Na uniandikie vizuri jina la kile kitabu cha Oxford. Hapa madrasa nina watoto sita wa shule za Kiingereza, na kila Ijumaa wananiuliza maana.