Halmashauri inatudai marejesho, sisi tunaidai hela ya madawati, anayefuatwa na mgambo ni sisi

Wakuu leo nimeamka na hasira, mnisamehe uandishi.

Kikundi chetu tuko vijana sita, fundi wetu mkuu wa kuchomelea hana mguu mmoja ila kazi yake usiiguse. Tulipata ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) tukanunua mashine. Afisa maendeleo akasema jisajilini NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni) kama kundi maalum, sheria ya manunuzi ya 2023 imewatengea asilimia 30 ya manunuzi ya umma wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Tukahangaika na TIN, katiba, akaunti ya benki, bando linaishia njiani saa nane usiku tuko kwenye mfumo, mwisho tukapata tenda ya madawati 80 kwa elfu 95, yaani milioni 7.6. Tulishangilia kama mabwege.

Malipo ya awali hakuna, so mbao na mabomba ya skwea tukakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Kamati ya mapokezi ikaja ikapindua dawati moja moja, manne wakasema yanayumba, tukayachomelea upya wakasaini. Hiyo katikati ya Mei.

Juni 30 ikapita. Julai naambiwa mwaka wa fedha umefungwa, deni lenu ni la mwaka jana mpaka lihakikiwe. Agosti kasma (fungu la bajeti) haina hela. Oktoba faili liko kwa mweka hazina. Disemba mweka hazina kahamishwa!!

Sasa jana asubuhi mtendaji wa kata kaja gereji na mgambo, eti marejesho ya miezi mitatu hayajaingia. Halmashauri hiyohiyo jamani. Nikasema basi kateni hukohuko kwenye hela yetu, naambiwa mfuko wa mikopo ni akaunti nyingine, haviingiliani.

Na msiniambie nikashtaki, mteja wangu wa maana ni huyohuyo mmoja, nikimshtaki tenda ijayo nampelekea nani?

Kuna jamaa mwenye hadwea katufuata mara mbili, anataka jina la kikundi tu, yeye analeta mtaji na mzigo sisi tunapewa laki tatu tunakaa kimya, kwenye ripoti itasomeka vijana wamewezeshwa. Mara ya kwanza nilimfukuza, namba yake saivi nimeisevu. Maana anayeweza kusubiri miezi nane bila kulipwa ni yeye, sio mimi mwenye kausha damu mlangoni. Hata majirani Kenya wana AGPO yao, mpango wa kutengea makundi maalum asilimia 30 ya tenda za serikali, tangu 2013 na wanalia hivihivi na pending bills (madeni ambayo serikali haijalipa).

Kuna mtu humu amewahi kulipwa deni la mwaka wa fedha uliopita? Ulianzia ofisi gani? Mgambo kasema Ijumaa anarudi kuchukua mashine ya kuchomelea.