Naomba ushauri: marejesho ya pampu ya sola, Micheweni, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kikundi cha akina mama 12 kinataka pampu ya sola kwa murabaha: mkopeshaji anainunua, anawauzia kwa faida inayojulikana. Hapo hapana neno. Kinachokwaza ni marejesho kuanza siku ya 30, na tungule (nyanya) wanazolima, tangu kitaluni hadi tenga la kwanza ni miezi mitatu, na ushei. Wameomba muhula, wamekataliwa. Wamejazia mchicha, unavunwa wiki ya nne, ila kisima kikivutwa sana maji yanageuka chumvi, majani yanaungua pembeni.

Je, nani amewahi kukubaliwa kulipa kwa mavuno, na mkataba uliandikwaje? Pili, pampu ikishauzwa hasara ni ya mnunuzi. Dhamana ya kiwandani iandikwe kwa jina la kikundi tangu mwanzo?